Mstari wa Mia Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Nimehama meza! Kutoka mapokezi mpaka chumba cha ndani, kile chenye mlango wa kioo. Majaribio ya wiki mbili.

Mkuu wetu aliniita asubuhi. Ni mama wa makamo, haongei sana, na akiongea hapandishi sauti. Mkononi ameshika karatasi yangu ile niliyobandika juu ya mashine ya fotokopi mwezi uliopita: "Ikigoma, usiipige. Fungua mlango wa kushoto. Vuta karatasi taratibu, kama unavyomvua nguo mtoto aliyelala." Nikajua leo nimekwisha. Kumbe! Anasema tangu karatasi ile ibandikwe hajasikia mtu akigombana na mashine. Anasema maelezo ya chombo chetu kipya yameandikwa mara tatu na watu waliosoma sana, na hata yeye mwenye ofisi hajayaelewa. Sasa niandike mimi.

Mimi niliyeishia kidato cha pili. Nikamwambia hivyo, nisije nikaonekana nimedanganya. Akasema, najua, ndiyo maana nimekuita.

Ikienda vizuri, Ijumaa ya wiki ijayo naajiriwa. Mwandishi wa maelezo! Isipoenda vizuri — mapokezi ameshakaa dada mwingine, na hata hivyo pale nilikuwa wa kushikiza tu. Hakuna kurudi. Na chumba cha watoto, kile cha ghorofa ya chini, ni cha watoto wa wafanyakazi peke yao. Kijino wangu ameingizwa leo, kwa majaribio kama mama yake. Miezi kumi na mmoja, meno manne, tayari yuko kwenye majaribio ya kazi!

Saa nne nilishuka kumnyonyesha. Ngazi thelathini na mbili. Nimezihesabu. Miezi minane nimekuwa nikimwacha kwa jirani, nakamua maziwa chooni nimeegemea mlango. Leo ngazi thelathini na mbili tu.

Sitashindwa.

Jumanne, 4 Machi

Chombo chenyewe. Nijieleze mimi kwanza. Nikijielewa ndipo nimweleze mwingine.

Kuna programu ya akili bandia. Hapa wanaiita wakala. (Nilipomwambia Baba Kijino nafanya kazi na wakala, akauliza, wakala wa kutoa pesa? Nikacheka mpaka nikamwaga maji.) Wakala anatumwa. Kwa mfano karani wa kliniki anamwuliza: mtoto huyu ana onyo lolote kabla hajachomwa sindano? Wakala anakwenda kuuliza kwenye kompyuta kubwa ya kliniki. Sasa ile kompyuta haina kiasi — uiulize habari za mtoto mmoja, inakumwagia daftari zima. Mistari elfu nne na zaidi. Wakala akijaribu kuibeba yote kwa mpigo anazidiwa. Anasahau alichotumwa. Anaanza kubahatisha.

Basi chombo chetu kinakaa katikati. Kinalipokea jibu lile refu, kinaliweka pembeni, halafu kinamwambia wakala: jibu lipo, lina mistari 4,812, liombe kwa vipande. Wakala anaomba, nipe kuanzia mstari fulani, mistari kadhaa. Anasoma. Akitaka tena, anaomba tena. Basi. Ni hicho tu!

Aliyekitengeneza ni fundi wa programu, jamaa mrefu mwenye haraka, akifika ofisini anavua viatu na kushinda na soksi. Ofisi nzima inamwita Soksi, naye anaitika. Alinieleza yote haya kwa dakika nne. Nikamwambia, kaka, rudia, mimi sikimbizwi na mtu. Akarudia. Mara ya tatu akaanza kujicheka mwenyewe, kwa sababu kuna pahali hata yeye alikuwa haelewi alichokuwa anasema.

Jambo la ajabu. Maelezo yangu atayasoma karani, lakini na wakala pia! Anayasoma kwanza, kisha anafanya kama yalivyosema. Neno kwa neno. Soksi anasema, "Mama Kijino, ukimwandikia upuuzi atafanya upuuzi, tena kwa heshima zote."

Nimeishika hiyo. Imenitia hofu kidogo, halafu imenipa nguvu. Ni nani mwingine anafanya neno kwa neno ninachosema? Si Kijino. Si baba yake.

Alhamisi, 6 Machi

Ukurasa wa kwanza umetoka. Umekatwa.

Nilikuwa nimeandika: jibu refu ni kama uji wa mtoto, hummiminii bakuli zima mdomoni, unampa kijiko kwa kijiko. Nikajipongeza! Mkuu akasoma amesimama. Akatoa kalamu nyekundu, akapiga mstari toka mwanzo hadi mwisho. Anasema wakala hana mdomo na kliniki haipiki uji. Mwambie mistari mingapi.

Nilinuna mpaka saa saba. Saa saba nikaona ana haki. Kijiko kipi? Cha chai au cha kupakulia? Mimi najua kijiko cha Kijino. Wakala hakijui.

Nikaandika upya:

"Soma mistari mia mbili kwa mara moja. Ukishapata unachotafuta, simama. Usibebe usichohitaji."

Mkuu akasoma. Hakutoa kalamu! Soksi akapiga makofi. Anasema hiyo ya "simama" ni dhahabu, wakala wengine wanaendelea kusoma hata jibu wameshalipata, kama mgeni asiyejua kuaga. Ameichapa kwa herufi kubwa na kuibandika ukutani kwake. Sentensi yangu. Ukutani! Nikipita naikodolea macho kama picha ya harusi.

Dada wa chumba cha watoto anasema Kijino amesimama leo kwa kushika kiti. Ameanguka. Amecheka. Sikuwepo. Ngazi thelathini na mbili na bado nimekosa.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumbani. Nimemsomea Baba Kijino kurasa zote tatu wakati anatengeneza pasi ya jirani. Yeye ni fundi umeme, habari za kompyuta hazimhusu. Akasema, umenisomea mara mbili, sasa niulize. Nikamwuliza: jibu lina mistari mia nane, wakala afanye nini? "Asome mia mbili. Akikosa, mia mbili nyingine. Akipata, asimame." Bila kuinua kichwa!

Mtu wa nyaya ameelewa. Basi yeyote ataelewa.

Kijino amekula kona ya ukurasa wa pili.

Jumatatu, 10 Machi

Mafua. Kijino, siyo mimi. Nimeshuka mara sita. Ukurasa wa nne umeandikwa kwa mkono mmoja, wa pili unapangusa pua. Mkuu alinikuta hivyo. Akaweka boksi la karatasi laini mezani pangu, akaenda zake.

Jumatano, 12 Machi

Tumefaulu! Tumefaulu tumefaulu.

Saa nne, ofisi nzima imezunguka skrini ya Soksi. Wakala amepewa kurasa zangu tu, hakuna mwingine wa kumnong'oneza. Kliniki wametupa daftari la mazoezi, majina yote ya kubuni, hakuna mtoto wa kweli ndani. Mkuu akataja jina la mtoto mmoja, akauliza, ana onyo gani?

Wakala akaomba kipande cha kwanza. Hamna. Cha pili. Hamna. Cha tatu — akampata katikati kabisa. "Mtoto huyu ana mzio wa karanga." Akasimama. Hakugusa vipande vingine ishirini na viwili! Soksi aliruka, soksi zikamteleza, akakalia pipa la taka. Tulicheka mpaka dada wa mapokezi akaja kuuliza nani kaumia.

Mkuu alisema neno moja. "Vizuri." Kwa Mkuu hiyo ni hotuba.

Ijumaa saa tatu wageni wa kliniki wanakuja kuangalia kwa macho yao, nesi mkuu na bwana wa mikataba. Wakiridhika, chombo kinaanza kazi Jumatatu, kwa watoto wa kweli. Na karatasi yangu ya ajira iko juu ya meza ya Mkuu. Nimeiona kwa pembe ya jicho. Jina langu limechapwa lote, hata lile la babu!

Alhamisi, 13 Machi, asubuhi

Kliniki, na Kijino. Kupima uzito tu. Nimeomba ruhusa mpaka saa nne. Naandika nikiwa kwenye benchi, yeye amelala begani.

Ameongezeka! Nesi alisoma kadi yake mbele, halafu akaigeuza. Nikauliza, dada, nyuma kuna nini? Akasema, "Mbele tunaandika mtoto ni nani. Nyuma tunaandika cha kuogopa. Anayesoma mbele tu, huyo hajasoma." Akamfinya Kijino shavu. "Wewe nyuma mweupe, babu. Nenda zako."

Nimekaa tena kwenye benchi badala ya kuondoka. Kwenye daftari letu, cha kuogopa kimeandikwa wapi?

Alhamisi, 13 Machi, alasiri

Nina dakika ishirini. Niandike kabla sijashuka kumchukua Kijino.

Nilifika, nikachapa kipande cha kwanza chote kwenye karatasi. Mistari arobaini kila ukurasa, kurasa tano. Soksi: "Karatasi! Mama Kijino, na wino je, utachovya unyoya?" Nikamwacha. Nikachukua rula. Mimi husoma na rula tangu darasa la pili, mwalimu alisema macho yangu yanaruka. Unaiweka chini ya mstari, unasoma, unaisogeza. Haraka sisomi, lakini siruki.

Kila mtoto ana mstari wake: jina, siku ya kuzaliwa, chanjo. Mwenye onyo, onyo liko mstari wa pili, chini ya jina. Wengi hawana, wanaishia mmoja. Nikasogeza rula. Nikasogeza. Ukurasa wa tano, chini kabisa, mstari wa mia mbili: mtoto wa kike, miezi kumi na mmoja. Chanjo zote sawa. Mwisho wa karatasi. Nikasema moyoni, huyu hana neno.

Halafu nikakumbuka kadi.

Nikachapa kipande cha pili. Mstari wa mia mbili na moja, juu kabisa, peke yake, hauna hata jina: "Onyo: alivimba uso na kukosa pumzi baada ya sindano iliyopita. Asichomwe bila daktari."

Kipande kimekata katikati ya mtoto! Jina huku, onyo kule. Na wakala akifika mia mbili atasema nimempata. Atasimama. Kwa sababu mimi nimemwambia asimame. Ukutani, herufi kubwa.

Nikakaa kwenye kiti cha Soksi bila kuomba, nikamwuliza wakala habari za mtoto huyo. Hakuchukua hata sekunde mbili. "Mtoto huyu hana onyo lolote." Kwa heshima zote.

Nikamwita Soksi. Akasoma. Akasema, "Mmoja! Kati ya watoto elfu nne! Mama Kijino, unatafuta chawa kwenye kipara." Nikasema, vipande ni ishirini na vitano, viungo kati yake ni ishirini na vinne, kila kiungo kinaweza kumficha mtu. Akasema anaweza kurekebisha chombo kisikate hovyo, lakini hiyo ni kazi ya wiki, na wageni ni kesho. Kesho tumtafute mtoto wa katikati ya kipande kama jana. Wakishatia saini tutaweka sawa polepole.

Nikamwuliza, na hao wa Jumatatu?

Alikaa. Halafu akachukua viatu chini ya meza akavivaa. Sijawahi kumwona na viatu saa nane mchana.

Nilikwenda kwa Mkuu peke yangu. Soksi alitaka kunisindikiza, nikakataa, sentensi ni yangu. Nikaweka kurasa mbili mezani, juu ya karatasi ya ajira, kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Nikaweka kidole kwenye mia mbili, kingine kwenye mia mbili na moja. Sikueleza sana.

Akasoma. Akauliza, "Kesho unajua ni siku gani?"

Najua, mama.

"Na hii iliyo chini ya kurasa zako unajua ni nini?"

Najua.

"Nani aliandika asimame?"

Mimi.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilisikia mtoto analia chini, nikajua si wangu, wa kwangu analia kwa kupanda. Mkuu akasema, "Andika upya. Na kesho, mbele ya wageni, mtoto wa kutafutwa utamchagua wewe."

Nikasema nitamchagua huyo huyo. Ilitoka yenyewe! Akasema, "Nilidhani hivyo."

Basi. Kompyuta ya mazoezi ya kliniki inafungwa saa kumi, haifunguliwi mpaka wageni wafike nayo kesho. Nimemaliza kuandika saa kumi na dakika tano. Kwa hiyo haijajaribiwa. Hii hapa, nainakili ili niione kwa mwandiko wangu:

"Ukimpata mtu, usisimame kwenye jina lake. Endelea kusoma mpaka uone jina la mtu anayefuata. Kipande kikiisha kabla hujaliona jina hilo, omba kipande kinachofuata. Ndipo ujibu."

Nilikuwa nimeandika "jina la anayefuata ni kama mlango uliofungwa". Nimeufuta mwenyewe kabla ya kalamu nyekundu. Wakala hana mlango.

Ni nzuri. Naisoma na rula na bado ni nzuri. Nashuka kumchukua mwanangu.

Ijumaa, 14 Machi

Saa mbili. Kijino amebaki chini bila kulia. Alinipungia mkono kinyumenyume, kiganja kinamtazama yeye mwenyewe. Baba yake ameniambia asubuhi, ukirudi na kazi au bila kazi, wewe rudi tu. Nikamwambia, narudi na kazi. Nimevaa gauni la bluu.

Soksi amekuja na viatu na hajavivua. Amebandua sentensi ya ukutani. Pahali pake ameacha pembe nne za gundi.

Saa tatu na robo. Naandika humu ndani, daftari kwenye mapaja. Wanadhani naandika kumbukumbu za mkutano. Acha wadhani.

Nesi mkuu, ndiye aliyelitunga lile daftari la mazoezi, ni mama mnene, miwani puani, sauti ya kuamrisha foleni. Alipoingia tu: "Hii akili yenu inasoma, au inajifanya kusoma kama wajukuu zangu?" Bwana wa mikataba hakucheka, ana saa kubwa na anaiangalia. Mkuu amenitambulisha, "mwandishi wetu." Wetu! Sijui kama ni kwa leo tu.

Nimetaja jina la mtoto wangu wa mia mbili. Soksi ameandika swali.

Wakala ameomba kipande cha kwanza. Kimekuja. Mistari inapanda, inapanda. Jina limetokea, chini kabisa.

Kimya.

Jana hakuchukua sekunde mbili. Leo nimeshahesabu sita. Soksi ameng'ang'ania mgongo wa kiti changu, nausikia unalia. Bwana wa mikataba anasema, si huyo hapo ameshaonekana, mbona hajibu, mashine imekwama? Mkuu anamwambia, ngoja. Neno moja. Saba. Nane. Kimya hiki mimi nakipenda. Mtu anayesita anatafuta kitu. Au amekwama kweli. Tisa.

Nesi mkuu amesogeza kiti mbele. Amesoma lile jina. Amegeuka kututazama mmoja mmoja. "Nani amemchagua mtoto huyu?"

Mkuu hanitaji. Soksi hanitaji.

Nimenyoosha mkono wa kushoto. Wa kulia bado unaandika. Kiduara kwenye skrini bado kinazunguka, na yeye ameteremsha miwani ananitazama, anangoja nimwambie kwa nini —